Ramani Yangu na Ramani ya Bi Nyaya

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mkurugenzi ametuita ofisini, mimi na Bi Nyaya, fundi wetu wa mtandao. Ameudhika. Jana kituo chetu cha kurushia intaneti cha sokoni kilikuwa kimya tangu asubuhi hadi jioni, na habari aliipata kwa shemeji yake. Sasa anataka ramani kwenye skrini kubwa ukutani. Kila kituo kiwe na kitone chake: cha kijani kikiwa hai, chekundu kikiwa kimekufa. Vituo vyote thelathini na viwili. Kila mmoja wetu atengeneze ramani yake, Ijumaa atachagua. Mshindi atakuwa mkuu wa chumba cha uangalizi. Mwingine atahamia kituo cha kilimani kulinda mitambo.

Lakini mkuu wa chumba ni mimi! Miaka kumi na tisa! Kiti kile kimeshachukua umbo langu.

Bi Nyaya hakubisha. Aliomba tu kuazima orodha ya vituo. Nikampa ile ya zamani, iliyokosa vituo vitatu. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Ramani yangu inapendeza. Nimechora mito, barabara, msikiti, kanisa na shule ya wanangu. Vitone vinametameta.

Bi Nyaya amerudisha orodha. Amewapigia simu walinzi wa vituo, mmoja baada ya mwingine, akavigundua vile vitatu, akaniongezea kwa mkono wake na kunishukuru kwa msaada. Mwandiko wake umenyooka kama wa kitabu. Inaniuma kuliandika hili.

Alipokwenda kunywa chai, nilichungulia skrini yake. Hana mto hata mmoja. Ana mistari tu, inayoonyesha kituo kipi kinapata mawasiliano kupitia kipi. Kama ukoo: babu, wana, wajukuu. Kumbe kilima ni babu wa vituo kumi na kimoja! Miaka yote hii sikuwahi kuviona hivyo. Nilisimama pale mpaka chai yangu ikapoa.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimemdadisi. Ramani yake hukiuliza kila kituo kama kipo, mara moja kwa dakika tano. Kisipojibu mara tatu mfululizo, kitone huwa chekundu. Dakika kumi na tano! Uvivu mtupu. Yangu itauliza mara kumi kwa sekunde, na si kama kipo tu: itadai hesabu zote, umeme, joto, idadi ya wateja. Nitaiwasha mbele ya Mkurugenzi kwa mara ya kwanza, ili Bi Nyaya asiniige.

Nilimweleza mama watoto wakati wa chakula. Akaniuliza, “Sasa baba watoto, mtu akiulizwa hali mara kumi kwa sekunde, kazi atafanya saa ngapi?”

Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nilitangulia mimi. Vitone thelathini na viwili, vyote vya kijani. Mkurugenzi alitabasamu. Tabasamu lile lilidumu nusu dakika.

Kwanza sokoni pakawa pekundu. Kisha stendi. Kisha upande mzima wa mashariki. Simu zikaanza kulia. Laini za vituo zilikuwa zimejaa maswali yangu hadi wateja wakakosa pa kupita. Ramani yangu ilikuwa ikiviua vituo kwa kuvitazama! Nilimweleza Mkurugenzi kwamba angalau ilikuwa ikisema kweli. Bi Nyaya alichomoa kebo yangu taratibu, kama anayemvua kofia mtoto aliyelala, na vituo vikafufuka.

Ikaja zamu yake. Mkurugenzi, kwa kumjaribu, akampigia simu mlinzi wa kilimani azime mitambo. Tukangoja. Robo saa ilipotimia, kilima kikawa chekundu, na vile vituo kumi na kimoja vya nyuma yake vikawa vya kijivu. Mkurugenzi akauliza kwa ukali mbona hivyo visiwe vyekundu, ikiwa vimekufa.

“Sijasema vimekufa, Mkurugenzi,” akajibu Bi Nyaya. “Njia ya kuvifikia imekatika. Vyenyewe vina hali gani, sijui.”

Sijui! Mbele ya bosi! Na sauti haikutetemeka. Mimi katika chumba kile sikuwahi kulitamka neno hilo hata siku moja. Nilijikuta nikipiga makofi, tena peke yangu. Niliacha nilipokumbuka kiti.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Kilimani. Chumba kimoja, mitambo inayonguruma, dirisha dogo. Bi Nyaya amenipigia simu asubuhi kuniamkia. Amesema gari la mafundi litaniletea kiti changu. Mtu muungwana kabisa. Nimemwambia kwa moyo safi kwamba ramani yake ni kazi ya akili, na kwamba nimeisoma mstari kwa mstari.

Nimeisoma kweli. Maswali matatu, dakika tano tano. Kwa hiyo kesho saa nne, Mkurugenzi akiwa mbele ya skrini, nitazima mitambo kwa dakika ishirini tu. Kisha nitaiwasha, na wote wataona jinsi nilivyo hodari wa kufufua kituo. Watanirudisha mjini kabla ya wiki kwisha.

Babu atakuwa mwekundu, na wajukuu wote kumi na mmoja wa kijivu. Itapendeza mno!