Nasubiri Barafu Jeddah

Jumapili, 4 Februari

Meli ya mbao haiji! Wauzaji wamepiga simu kutoka huko kaskazini, kwenye nchi za baridi. Miti imekatwa, imelala msituni, haitoki. Malori yao hupita juu ya vinamasi vikishaganda tu. Siku hizi baridi imepungua, na mwaka huu barabara yote ni tope. Lori moja limezama hadi madirishani. Nani mwenye akili hutengeneza barabara ya barafu? Na mimi hapa Jeddah, fulana imelowa jasho, naidai barafu!

Bosi kasema mafi meli, mafi likizo: hakuna meli, hakuna likizo. Niende nyumbani mbao zikishapangwa yadini, halas. Harusi yangu na Emmaculate ni tarehe 24. Tumeiahirisha mara moja, na mjomba wake amesema hakuna mara ya pili. Bosi hajui habari ya harusi. Nilimwambia nyanya amefariki. Nyanya yuleyule wa mwaka juzi. Kafili, mwajiri anayekushikia kibali, haambiwi siri.

Jumanne, 6 Februari

Lewis, dereva wetu wa trela, ambaye nalala naye chumba kimoja mtaa wa Al-Hindawiyah, anajifanya profesa. Eti dunia inapata joto kwa sababu ya moshi wetu: magari, viwanda, umeme wa AC. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akacheka. Naye anataka likizo, na Bosi haachilii watu wawili kwa pamoja. Kumbe anafurahia tope: nikikwama mimi, aende yeye!

Ijumaa, 9 Februari

Nimezima AC. Wenzangu walilala baada ya chakula cha mchana, nikachomoa plagi na kufukia rimoti kwenye gunia la mchele. Wakaamka wameloa chapachapa. Nikawaeleza kwa upole kwamba nasaidia vinamasi vigande. Timothy, mlinzi, mwimbaji wa kwaya, alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. Godoro langu sasa liko juu ya paa. Wabinafsi wakubwa!

Jumatatu, 12 Februari

Nimepiga simu kaskazini kuuliza kama bado. Bado. Nikauliza kama kweli wamejaribu. Wakanikatia simu. Kiburi cha watu wasio na hata barabara!

Jumatano, 14 Februari

Lewis kapewa likizo! Alimwendea Bosi, akasema mbao hazipo, trela imelala, naomba niende nyumbani. Bosi akasema yalla, nenda. Basi! Bila mpango wowote! Nimelipiga teke tairi la trela yake. Kidole kimevimba.

Alhamisi, 15 Februari

Lewis kamwambia Bosi kuhusu harusi yangu. Msaliti! Bosi akaniita, akasema mabruk, hongera, akauliza kwa nini sikusema, angeniachilia siku ileile. Kisha akauliza nyanya yangu hufariki mara ngapi.

Halafu Lewis akasema nichukue nafasi yake, nisafiri mimi, yeye atangoja mbao. Bure! Nani hutoa likizo bure? Hapo pana njama. Nimekataa papo hapo, mbele ya Bosi. Lewis ataondoka Jumapili.

Nilipompigia Emmaculate kumsimulia nilivyoigundua njama ya Lewis, alikata simu. Hapokei tena. Anakasirika nini, na yote haya namfanyia yeye?

Kesho ofisi haina mtu na ufunguo ninao. AC ya Bosi ni kubwa kuliko zote za yadi. Nikiizima hiyo, vinamasi vitaganda, na tarehe 24 niko kanisani.