Muhuri wa Habari Mbichi

Serikali ilitangaza, kwa tarumbeta na hotuba ya saa mbili, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mwananchi atakayesoma habari ya biashara kabla haijatimiza miaka saba. Habari changa, hotuba ilifafanua, huwatia watu kiwewe wakauza hisa zao ovyo. Ikaundwa Idara ya Mtazamo wa Mbali, yenye mkurugenzi, karani, na muhuri mmoja: BADO MBICHI.

Karani alikuwa mtu wa taratibu. Kila asubuhi alikata kurasa za biashara, akazigonga muhuri, akazipanga kabatini kwa tarehe. Lakini kwanza zilipita kwa Mkurugenzi, maana mwongozo ulitaka awepo mtu wa kuonja ubichi. Mkurugenzi alionja kwa saa tatu kila siku, mlango ukiwa umefungwa.

Alhamisi moja karani alipokea ukurasa wenye kichwa: MVUA YAGOMA, KIWANDA CHA MIAVULI HOI. Akarudi nao kwa Mkurugenzi. Mama Chai, mpishi wa chai ya ofisi, alikuwa na hisa za kiwanda hicho. Marehemu mumewe hakumwachia kingine.

"Mzee, naomba kibali nimdokeze Mama Chai."

"Una wazimu?" Mkurugenzi alishangaa. "Umlishe mama wa watu habari mbichi, aumwe?"

"Ndiyo riziki yake, mzee."

"Avute subira. Miaka saba si kitu."

Karani alitoka. Mlango haujatulia, sauti ikapenya, ya mtu anayefoka kwenye simu: "Uza! Hisa zote za miavuli! Hata za mama watoto! Bei? Bei yoyote!"

Koridoni Mama Chai alikuwa amesimama na sinia.

"Mama, mimi sijasema kitu," karani alinong'ona.

"Wewe hujasema, mwanangu. Kasema bosi, mpaka vikombe vimesikia." Akafikiri. "Hivi, mwavuli unaoza?"

"Hauozi."

"Na mvua imestaafu?"

"Barua yake sijaiona."

"Basi nishikie sinia."

Akaenda kwa dalali wa hisa, akatoa akiba yake yote, akanunua kila alichokuwa akitupa Mkurugenzi. Karani alibaki na sinia mpaka chai ikapoa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aiweke chini.

Mwaka uliofuata mvua ilirudi, na haikuwa na haraka ya kuondoka. Paa la Idara likavuja juu ya kabati, habari zote zikaoza kabla ya kuiva. Serikali ikaivunja Idara kwa hotuba fupi, maana ukumbi nao ulikuwa unavuja.

Mkurugenzi, suti imemganda mwilini, alipeleka barua kwenye kiwanda cha miavuli, akiomba kazi ya Mshauri wa Mtazamo wa Mbali. Karani, siku hizi katibu wa kiwanda, aliipeleka kwa mwenyekiti wa bodi, mwenye hisa nyingi kuliko wote.

"Ana uzoefu gani?" aliuliza Mama Chai.

"Miaka miwili ya kuonja, mama."

"Anataka jibu lini?"

"Leo leo. Anasema hali ni mbaya."

"Ule muhuri unao?"

Karani aliutoa mfukoni, akaupulizia, akaugonga juu ya barua. Chini yake, kwa mwandiko safi, akaandika tarehe ya kufunguliwa.

Mkurugenzi akachungulia mlangoni. "Nisubiri hapa, mama?"

"Kaa, baba, kaa. Miaka saba si kitu." Akamgeukia karani. "Mletee chai."