Mhimili Uanzie Sifuri

Jumatatu, 8 Julai
Gaborone imetaharuki. Si kosa langu! Bwawa limeshuka kutoka asilimia 61 hadi 60 tu, lakini zana yetu ya kuchora grafu hujipangia mhimili yenyewe. Ikauanzisha 60, ikaumalizia 61. Mstari ukaporomoka hadi sakafuni. Watu wakadhani bwawa limekauka. Jirani yangu amejaza maji hata kwenye birika la chai. Mma Segokgo, bosi wetu, amesema atakayeurekebisha mhimili ndiye atakayekuwa msimamizi wa zana nzima kuanzia Ijumaa. Gaone ameshaanza kusoma msimbo. Msichana wa juzi tu! Cheo hiki ni changu.

Jumanne, 9 Julai
Nimemaliza kabla ya magwinya, maandazi yetu ya saa nne. Mhimili uanzie sifuri, daima, basi! Gaone akaniuliza kwa heshima, "Rra, na data za wengine umezifikiria?" Nikamwambia afikirie zake.

Jumatano, 10 Julai
Balaa. Tukibadilisha chochote, kompyuta huchora grafu upya na kuzilinganisha na picha za mfano tulizohifadhi. Leo imezikataa thelathini na nane. Kiherehere tu! Nimefuta picha za mfano, nikaweka hizi mpya za mhimili wangu mahali pake. Sasa zinafanana zote. Kompyuta imewasha kijani tupu, hakuna kosa! Mma Segokgo amepitisha.

Alhamisi, 11 Julai
Simu kutoka Tsabong. Mfugaji, Rra Modise. Usiku baridi ilifika nyuzi tatu chini ya sifuri, lakini kwenye grafu yetu ya halijoto mstari haukuonekana kabisa. Akawaacha ndama nje. Wamepona, ila wanatetemeka mpaka sasa. "Baridi yangu mmeificha wapi, nyie?" Nikamweleza kwamba hali ya hewa ndiyo iliyovuka mipaka. Akakata simu. Gaone amerekebisha kwa mistari miwili ya msimbo: mhimili ufuate data, ila usikuze badiliko dogo. Mistari miwili! Uvivu huo.

Ijumaa, 12 Julai
Gaone ndiye msimamizi. Roho imeniuma, nakiri. Amri yake ya kwanza: nikague picha zote za mfano kwa macho, moja moja. Sikubali kuzikwa hai. Wiki iliyopita nilifanya makosa 41, wiki hii 40. Nimeyachorea grafu ya kumpelekea Mma Segokgo. Mhimili nimeupanga kwa mkono wangu: uanzie 40, uishie 41. Mteremko wa kupendeza! Jumatatu atanirudishia cheo changu.