Nyota Moja ya Gauni la Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Tumetukanwa. Tena mbele ya dunia nzima, bila hodi!

Kinyozi wa mlango wa pili ndiye aliyenionyesha. Ukurasa wa duka letu la ushonaji, ule binti yangu aliofungua mtandaoni mwaka jana, umepewa nyota moja kati ya tano. Chini yake maneno: "Gauni linanipwaya kama pazia. Msiende." Aliyeandika amejiita Ua la Asubuhi. Ua gani lenye mdomo hivyo?

Binti alisoma, akaendelea kutia uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi. Ndipo akaniambia. Kwaya ya wanawake inataka majoho ishirini na manne, na mwenyekiti wao husoma kwanza maoni ya watu mtandaoni. Akitunyima kazi, mwisho wa mwezi binti anauza cherehani zote mbili na kwenda kiwanda cha nguo, safari ya siku nzima kutoka hapa, akalale bwenini. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema atapiga simu kila Jumapili.

Simu! Nilimzaa ili niongee na simu?

Jina letu nitalisafisha mwenyewe. Shule sikwenda, herufi nilijifunzia kwenye pakiti za sabuni, lakini kusafisha najua.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: kumnasa adui. Nani kama si fundi wa ng'ambo ya barabara, mwenye nyota tano na kioo kipya dirishani? Nikaingia kwake bila kukaribishwa, nikamwambia Ua la Asubuhi ni yeye, asijifiche. Akasema, Bibi, mimi nimesifiwa na watu mia moja na tatu, nikuandikie wewe ya nini? Dharau! Kisha akaniletea kiti na maji. Nikanywa, lakini kwa hasira.

Mpango wa pili kanipa kinyozi. Anasema nyota moja huzama zikija nyingi za tano. Nimewapigia wajane wenzangu wote kumi na wawili.

Jumatano, 5 Machi

Nyota zimekuja! Tano tano, kutoka kwa wajane wote kumi na wawili!

Ila maneno. Wa kwanza kauliza mguu wangu unaendeleaje. Wa pili kamjibu kwamba ni wa kushoto na bado umevimba. Wa tatu kamkumbusha wa nne arudishe sufuria. Wa nne kasema sufuria gani, mbona anasingiziwa mbele za watu. Wamerushiana maneno mpaka saa sita mchana, chini ya picha ya binti akitabasamu na mkasi.

Kufika saa kumi nyota zote zimetoweka. Kinyozi anasema mtandao umezishuku. Nikamwambia wanishuku mimi, wajane wamewakosea nini? Tumebaki na ile moja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempata!

Ua la Asubuhi aliweka picha. Uso kaukata, mwili kauacha. Kosa lake! Sura mimi husahau, mabega sisahau. La kulia limeshuka kidogo. Gauni la kijani, mikono ya marinda, mwishoni mwa Januari. Nikafungua daftari la vipimo, huyo hapo. Kifua, kiuno, nyonga, kwa mwandiko wa binti, na pembeni maelezo yangu ya penseli. Maana anayeshika futi ya kupimia ni mimi, na namba peke yake haikuambii mtu alivyo.

Nikaupiga picha ukurasa ule, mzima, watu waone hatufichi kitu. Nikaubandika chini ya tusi lake. Nikaandika kwa kidole kimoja, saa nzima: "Mwanangu, vipimo vyako hivi hapa. Gauni likipwaya basi umekonda. Nani anakukosesha raha? Njoo ule."

Nikajilaza mchana ule kama mtu aliyemaliza kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa.

Ukurasa ule wa daftari una wanawake tisa. Mimi nilimtazama mmoja tu. Wa tano ni mwenyekiti wa kwaya, aliyekuja wiki ileile kushonewa sketi. Pembeni mwa kiuno chake, penseli yangu: "Anavuta tumbo. Usimwamini. Ongeza inchi tatu."

Watu mia sita wameshasoma! Binti kaifuta, lakini wapo walioipiga picha na hiyo picha yenyewe. Fundi wa ng'ambo alikuwa mlangoni kwake anacheka na simu yake.

Binti hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alibadili pasiwedi, akaketi sakafuni, akaanza kufunga rili za uzi kwenye magazeti, rangi moja moja, kama mtu anayehama. Nikamwambia, mama, nitarekebisha. Akaniomba, kwa adabu zote, nisirekebishe tena.

Jumatatu, 10 Machi

Ua la Asubuhi kaja mwenyewe. Kumbe msichana mdogo tu, gauni kwenye mfuko. Nilikuwa nimejiandaa kumwanza. Nikaona macho yake, nikamtilia chai.

Akasema hakukonda hata kidogo. Gauni lile alilivaa kwenda kuomba kazi ya mapokezi. Alilibana mgongoni kwa pini sita. Alipoambiwa aketi, pini moja ikamchoma, akaruka na kupiga ukelele mbele ya wakubwa watatu. Kazi hakupata.

Nikampima upya. Daftarini kiuno thelathini, mwilini ishirini na nane. Inchi mbili. Nazijua hizo mbili. Ni zangu. Kila mwembamba anayepita mikononi mwangu namwongezea kimyakimya, nafasi ya kushiba. Miaka yote. Binti akanitazama. Sikuwa na pa kuweka uso. Nikaomba radhi, mbele yao wote wawili, na mimi kuomba radhi si mwepesi.

Nikafumua ubavu wa gauni kwa mkono wangu, nikashona upya. Yeye aliketi na shuka langu kiunoni, akala vipande vinne vya mkate. Nilivihesabu kwa furaha. Sikumwomba afute chochote. Alipoondoka, gauni lilikuwa kama limeota mwilini mwake.

Jumatano, 12 Machi

Mwenyekiti wa kwaya kaja na wanakamati wawili. Nikajificha nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Akasema, Bibi, toka tu, viatu tunaviona.

Akasema tangu Jumamosi mume na mashemeji wote wanamwita Vuta Tumbo. Nikasubiri kibao. Kisha akasema majoho ya mwaka jana walishonewa na fundi wa ng'ambo ya barabara, kwa namba walizozitaja wenyewe. Mishono iliachia katikati ya wimbo, majoho saba kwa mpigo, ukumbi umejaa. Wamepiga kura. Safari hii wanataka fundi asiyewaamini. Na Ua la Asubuhi kaibadili nyota yake, sasa ni nne: "Walikosea, wakakiri, wakarekebisha, wakanilisha."

Kazi ni yetu! Masharti mawili: daftari lifungiwe kabatini, na Bibi asishike simu ya duka.

Binti kalia, kisha kaanza kuzifungua rili zake. Haendi popote. Nikakubali masharti yote. Lakini tuseme kweli, kazi kaileta nani? Picha yangu! Hawa vijana matangazo hawayajui.

Jumamosi, 15 Machi

Kwaya imekuja kupimwa. Wote ishirini na wanne wamevuta matumbo! Nikawaamuru waimbe. Mtu hawezi kushika sauti ndefu na kuficha tumbo kwa wakati mmoja. Mimi futi, binti kalamu. Sikuongeza kitu. Wale wanne wembamba tu, kidogo sana.

Simu ya duka sikuigusa. Nimeazima ya kinyozi. Kumbe kwaya nayo ina ukurasa wake, na nafasi ya nyota ipo! Watu wametuokoa, nami si mchoyo wa shukrani. Nikawapa tatu, kwa haki, nikaandika: "Majoho yatashika. Sauti ya pili haishiki, inapotea njiani. Yule mrefu mwenye miwani apumzishwe. Nawapenda wote."

Kinyozi kasoma, kaketi kwenye kiti cha wateja, kashika kichwa.

Mwenyekiti amepiga mara nne sasa. Binti yuko kwenye cherehani, hasikii. Simu ya duka iko hapa mezani mbele yangu, inatetemeka. Siigusi, nimeahidi. Shukrani zake atampa binti mwenyewe.