Bundi wa Mchungaji Msituni

Jumatatu, 3 Novemba

Kelly mpendwa, ulipohamia Märsta niliahidi kukuandikia kila kitu, cha aibu na kisicho cha aibu, kisha nikutumie picha za kurasa. Naanza leo. Sitaficha chochote. Mama amenisahihisha Kiswahili Jumamosi nyingi mno, kwa hiyo hata aibu zangu zitakuwa na sarufi safi.

Habari kubwa: giza la Uswidi. Saa kumi jioni tu, mtaa wetu wote wa Husby umezimika kama jiko. Watoto wa kanisa wamejifungia ndani na tableti zao mpaka Aprili. Tantine Vénantie, shangazi wa kila mtu na mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, ametangaza kwamba Ijumaa zote hadi Krismasi zitakuwa za watoto. Anatafuta msichana wa kuziongoza. Tuko wawili. Mimi. Na Natacha.

Natacha anataka filamu na bisi ukumbini. Ukumbini! Mimi nataka msituni. Tochi, matope, soseji za kuchoma. Tantine amesema nijaribu Ijumaa hii. Watoto wakirudi wazima na wakicheka, Ijumaa ni zangu. Akilia hata mmoja, ni bisi.

Natacha akaniuliza kwa upole kama watoto watapewa cheti cha kuganda. Sikumjibu. Nilimjibu baadaye, bafuni, vizuri sana.

Nikwambie ukweli. Tangu uhame, hakuna anayegonga mlango wetu. Nikiwa na Ijumaa, watagonga.

Mama na wenzake wa kwaya wamesaga pilipili ya Krismasi ya kanisa zima. Chupa za kioo zimejaa friji. Nyumba nzima inatoa machozi.

Jumatano, 5 Novemba

Mpango umekamilika! Unakumbuka mwalimu wetu wa darasa la pili alivyotundika reflexi mitini, vile vidude vya kwenye koti vinavyong'aa vikipigwa na tochi, nasi tukavisaka gizani? Mchezo huohuo. Upungufu ni mmoja tu. Sina reflexi.

Lakini kila koti la kanisani linayo. Leo kwaya ikifanya mazoezi, nilibaki peke yangu na makoti. Niliazima. Narudia: niliazima. Zina maumbo: nyota, moyo, kipepeo. Hata bundi wa mchungaji. Alipewa na jirani yake Mswidi, naye akamvaa kwa adabu, ingawa Mama husema huyo si ndege wa kuning'inia kwa mtumishi wa Mungu. Hapo nimesaidia.

Watoto watazisaka, watazileta, nitazirudisha kwenye makoti. Hakuna atakayejua.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimezitundika zote baada ya shule. Nimeteleza. Suruali sasa ina rangi ya msitu, jambo linalofaa kwa kazi ya siri.

Jioni, balaa. Simu ya Mama haikunyamaza. Kundi la wamama linawaka moto: kanisani kuna mwizi wa reflexi! Tonton Évode, mjomba wa kila mtu anayepakia mizigo uwanja wa ndege, ameandika kwamba ni mwizi wa ajabu, ameacha koti zuri akachukua kipepeo. Tantine Vénantie ametoa amri. Kwa kuwa madereva hawatatuona, kesho kila mzazi aje na koti lake la kazi, na mtoto asiingie msituni bila mkubwa.

Mama aliniuliza kama nimesikia lolote. Nikasema amri ya Tantine ni nzuri sana. Nikala haraka nikalala. Sikufikiri zaidi. Laiti ningefikiri.

Ijumaa, 7 Novemba

Kelly! Kelly!

Saa kumi na moja, giza totoro. Watoto wakapanga mstari na tochi zao. Nikaeleza kanuni kwa sauti ya mwalimu: tembea polepole, mulika miti, ukiona kinachong'aa kilete. Nikapuliza filimbi.

Wewe unawajua watu wa kanisa letu. Huyu anapakia mizigo, yule yuko ghalani, yule ni dereva, Mama anasafisha mabasi. Wote wana yale makoti ya njano yenye mikanda ya kung'aa. Na wote walikuwa wametangulia msituni, kila mmoja kwenye mti wake, kulinda watoto.

Tochi ziliwaka. Msitu mzima ukang'aa wazazi!

Nyota zangu ndogo nani azione? Watoto waliruka mashimo wakipiga kelele kwa Kiswidi kwamba wameona reflexi kubwa inakimbia. Maana Tonton Évode alikimbia! Walimwangusha, wakamburuta kwa mikono na miguu hadi kwangu. Nilisema kilete, nao wakakileta. Akawa anapiga yowe kuwa yeye ni mzigo dhaifu, wamshike kwa uangalifu. Wazazi wengine kuona hivyo wakaanza kujificha. Watu wazima! Nilipuliza filimbi mpaka ikaingia mate.

Mama yangu alichuchumaa nyuma ya msonobari, amejiziba mdomo kwa glavu, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nilimwambia anaharibu mchezo. Akaniambia: simama pembeni, mwanangu, unawaonyesha nilipojificha.

Hakuna aliyelia. Niliandika hilo akilini.

Kisha soseji. Tantine akatazama watu wake, akauliza: mchungaji aliyeingia nanyi yuko wapi?

Mchungaji ndiye pekee asiye na koti la kazi. Ana koti jeusi. Na reflexi yake, wewe unajua ilikuwa wapi.

Tuliita. Mtoto mmoja alianza kukunja uso. Nikamtia soseji mdomoni upesi. Ndipo mchungaji akatokea polepole kati ya miti, amekwaruzwa na matawi, na kiganjani ameshika bundi. Alisema kwa utulivu kwamba amejigonga kwenye mti, akainua macho, akakutana na ndege wake. Angependa kujua alirukaje mpaka pale.

Watu wote walinigeukia. Hata watoto. Natacha alikuwa akitafuna soseji yangu.

Jumamosi, 8 Novemba

Asubuhi nzima nimetungua reflexi mitini. Mama alibeba mfuko. Hakunigombeza, na hiyo ni mbaya zaidi. Kila baada ya mti alicheka peke yake, kisha akakumbuka kukasirika.

Jumapili, 9 Novemba

Nilisimama mlangoni mwa kanisa nikirudisha reflexi mkono kwa mkono, huku nikiomba radhi. Tonton Évode alipokea kipepeo chake kama medali.

Kisha hukumu. Tantine Vénantie alisema hakuna mtoto aliyelia, na kwamba nusu ya wazazi wameshauliza Ijumaa ijayo ni lini, kana kwamba Ijumaa hubadilika siku. Kwa hiyo ni msituni! Lakini nitaongoza pamoja na Natacha, ili awepo mtu wa kunitazama. Akanifanya niahidi mbele ya mchungaji kwamba sitagusa tena koti la mtu. Nimeahidi kwa moyo wangu wote.

Jioni mlango uligongwa. Kwanza watoto wa ghorofa ya tatu, wakitaka kumwinda Mama. Niliwaambia nina kazi. Mlango ukagongwa tena. Natacha! Alisema amekuja kunitazama, kama alivyoagizwa. Nikamweleza mpango mpya: maandamano ya taa, mshumaa mmoja ndani ya kila chupa ya kioo, mstari mrefu kuzunguka msitu. Akasema ni wazo zuri, kumbe nina akili. Upungufu ni mmoja tu. Hatuna chupa.

Lakini friji si koti.

Mama yuko kazini. Natacha ameshika mfuko wa plastiki, mimi nimeshika kijiko. Kelly, nijibu sasa hivi, kabla hajarudi: pilipili ya kanisa zima ikikaa ndani ya mfuko mpaka Krismasi, je, mfuko utavumilia?