Injini Chini ya Vyungu vya Maua

Lyle Hatcher aliiona injini ile baada ya kuomba maji tu. Alikuwa barazani kwa mjane mmoja, Opal Tidwell, pembezoni mwa Bakersfield, akijaribu kumuuzia rangi ya paa ambayo yeye mwenyewe asingeipaka hata kwenye banda la kuku. Mama akaingia ndani kuchukua maji. Lyle akatupa jicho pembeni, na koo likamkauka kweli.

Chini ya vyungu vitatu vya maua, ikiwa imefungwa kamba ya kuanikia nguo, ilikaa injini ya zamani ya silinda nane, ile ya vichwa bapa. Na vichwa vyenyewe, yaani vifuniko vya silinda, vilikuwa vya aluminiamu, vyenye chapa ya Corwin, karakana ya mbio iliyofungwa kabla Lyle hajazaliwa. Watu wa magari ya kuchonga, wale wanaochukua gari la enzi za babu zao, wakalikata paa na kulitia injini ya kishetani, hulitaja jina hilo kwa sauti ya kanisani.

Lyle naye alikuwa na gari. Tuseme ukweli: alikuwa na bodi la gari, la mwaka 1932, lililopakwa rangi nyekundu mara tatu, na chini ya boneti hamna kitu. Miaka sita alitamba kwenye mgahawa wa Dottie kwamba injini yake iko njiani, hadi wenzake wakampachika jina la Njiani. Nusu ya mji alikuwa ameiuzia mabloku ya injini yenye nyufa zilizozibwa kwa gundi, lakini injini yake mwenyewe hakuipata, maana mtu anayezijua hila zote hawezi kumwamini muuzaji yeyote. Sasa alikuwa ameapa mbele ya watu: mbio za ziwa kavu la El Mirage zikimkuta hana injini, bodi ni la Dottie, apandie nyanya. Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

"Mama, hicho chuma cha nini?" aliuliza, akipiga miayo ya uongo.

"Kinashika kamba. Upepo wa huku unabeba hata mashuka. Alikiacha marehemu Vernon."

"Pole sana. Mimi geti langu linapigwapigwa na upepo usiku kucha. Natafuta chuma kizito, hata kibovu."

"Basi kifungue ukikague," mama alisema, akimpa glasi. "Spana za marehemu zipo."

Hapo Lyle alibanwa. Roho yake yote ilitaka kuifungua. Lakini ni nani anayekagua chuma cha kushikia geti? Akigusa spana tu, kizee atashtuka kwamba amekalia mali, na bei itapanda hadi mawinguni.

"Nikague nini, mama? Geti halichagui."

"Hilo nalo neno," mama alisema kwa upole. "Ila pesa sitaki. Kamba yangu itashikwa na nini? Niletee injini nyingine, yoyote ile, mradi iwe nzito."

Lyle nusura amkumbatie. Nyuma ya gereji yake kulikuwa na injini ya lori la mkulima wa karoti, imeganda grisi, ambayo kwa miaka mitatu aliikalia wakati wa chakula cha mchana. Kesho yake asubuhi alikuwa barazani nayo, akimhadithia mama habari za kiti chake huku akicheka.

Mama Tidwell hakucheka. Alifungua plagi moja ya ile injini ya lori, akachomeka sindano yake ya kufumia kwenye tundu, akaizungusha injini kwa spana taratibu, akaitazama sindano ikipanda na kushuka.

"Inchi nne," alisema.

"Nini, mama?"

"Mambo ya kufuma, mwanangu. Chukua chuma chako."

Lyle hakusikia hata nusu. Alikwisha kuikumbatia injini ya Corwin.

Alijifungia gerejini peke yake, maana alitaka kuwaumbua wenzake kwa mpigo mmoja. Alifungua kichwa cha kwanza, akakaa chini. Silinda zote zilikuwa zimejaa saruji hadi juu. Ile haikuwa injini, ilikuwa msingi wa nyumba. Na upande wa ndani wa kile kichwa kitukufu ulichomoza mkono wa sufuria ambao haukuyeyuka vizuri. Ndipo sindano ikamrudia akilini. Inchi nne! Mama alikuwa akipima mwendo wa pistoni: krenki ndefu, ile ambayo yeye na wenzake huitafuta jalala kwa jalala, na yeye alikuwa ameikalia akila mkate.

Aliendesha hadi kwa mjane akitukana njia nzima. Alipozima gari, alisikia mngurumo wa silinda nane kutoka gereji ya mama, mzito na safi, na machozi yakamlenga. Mama Tidwell alikuwa ndani ya gari jeusi lisilo na paa, mikono imejaa grisi, na injini ya lori iko pembeni, imeshaanza kufunguliwa.

"Umeniibia!"

"Nimekuibia geti?" Mama alizima injini. "Nilikwambia ukague. Spana nilikupa."

"Vichwa vya Corwin vya sufuria!"

"Corwin alikuwa baba yangu, chapa ni yangu. Vernon alijua kukanyaga mafuta tu, fundi nilikuwa mimi."

"Nitautangazia mji mzima!"

"Tangaza. Anzia kwa Dottie. Waambie ulivyomdanganya mjane, halafu waambie alivyokujibu."

Wakati huo gari lilisimama nje, akashuka bwana mmoja wa Fresno mwenye kofia mpya, akielekea barazani. Pale, chini ya vyungu vitatu, ilikaa injini nyingine yenye vichwa vinavyong'aa.

"Mama," bwana yule alisema, akipiga miayo, "natafuta chuma cha kutia nanga mtumbwi wangu."

"Lyle, mwanangu," mama aliita, "njoo umsaidie mgeni kuinua."

Lyle alikwenda. Wakiwa wameinama, bwana wa Fresno alimnong'oneza, macho yakimwaka: "Kaka, usimwambie huyu bibi. Hajui alichonacho."

Lyle alimtazama, akamtazama mama, akawakumbuka watu wa kwa Dottie.

"Hajui kabisa," alisema, akashika upande wake, wakainua.