Ada ya Huduma, Asilimia Kumi na Nne

Jumatatu, 11 Agosti

Leo nimeacha kuwa mtu wa kushika funguo. Nimekuwa kampuni!

Mwalimu Mwihaki, mstaafu wa Limuru, ana fleti ya vyumba viwili Kileleshwa, hapa Nairobi. Mimi ndiye ninayelaza wageni wa siku chache humo: naitangaza, nawapokea, natandika vitanda. Hunilipa sehemu ya kumi. Miaka yote wageni wamepitia ule mtandao mkubwa wa kukodisha nyumba. Humtoza mgeni ada ya huduma ya asilimia kumi na nne, kisha humkata mwenye nyumba kidogo. Hula kwa mikono miwili, na haujawahi kukunja shuka hata moja.

Nikamshauri Mwalimu tuchukue wageni wenyewe, moja kwa moja, kwa simu. Elfu sita kwa usiku, hakuna ada. Amekubali. Amesema hilo la "hakuna ada" ndilo limempendeza, niliandike kwenye tangazo. Nimeliandika. Kwa herufi kubwa.

Halafu nikafikiri. Mgeni aliyezoea kulipa ada, akiilipa tena ataumia wapi? Na ile asilimia kumi na nne ya mtandao ipotelee hewani? Kutupa ni dhambi.

Nimeshuka River Road kwa Kasyoki, mpiga chapa. Vitabu viwili vya risiti, mstari ukiwa umechapwa tayari: Ada ya Huduma 14%. Elfu moja mia nane. Kasyoki akauliza ni huduma gani. Nikamwambia achape tu.

Jumanne, 12 Agosti

Mgeni wa kwanza! Bi. Philister kutoka Butula, na mumewe, Mzee Were, anayetolewa mtoto wa jicho hospitalini Parklands. Usiku tano. Elfu thelathini alishamtumia Mwalimu kabla ya kusafiri. Mimi pia ni wa Butula, ila sikusema. Watu wa nyumbani hupenda kupunguziwa.

Nilingoja mizigo ishuke ndipo nikatoa risiti. Elfu nne na mia mbili, kwa nambari yangu. Akatoa simu, akanisomea tangazo langu mwenyewe, pole pole, herufi kubwa zote. Nikasema hakuna ada ya mtandao. Hii ni ya mtambo wa malipo. Akamgeukia mumewe. Mzee kaegemea ukuta, macho yana ukungu, anauliza kama wamefika.

Akalipa. Mtu aliye mlangoni na mizigo atarudi wapi? Nilijua hivyo. Ndiyo sababu nilingoja.

Kisha akautazama ujumbe wa malipo kwenye simu. "Kwani huu mtambo unaitwa Jackton Wesonga?"

Nikasema umesajiliwa kwa jina langu ili ufanye kazi haraka. Akauliza Wesonga wa wapi. Nikasema Kisumu. Akauliza Kisumu kuna akina Wesonga siku hizi? Jina hili ni la kwetu, Butula. Nikakumbuka kwamba nina haraka.

Jioni nikanunua koti la mtumba, elfu moja mia tisa. Kampuni lazima ivae.

Jumatano, 13 Agosti

Simu, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Bi. Philister anasema amelipia huduma, sasa anaiomba. Maji ya moto hayatoki. Baadaye gesi imekwisha. Baadaye tena, kwa kuwa huduma ni asilimia kumi na nne nzima, kesho nimsindikize Mzee hospitali, yeye atatangulia kushughulikia karatasi.

Thuo alinikuta kwenye ngazi na ndoo ya maji ya moto. Huyu ndiye mwangalizi wa fleti ya mkabala, na wageni wake hawakauki, sijui huwatoa wapi. Yeye pia huwachukua moja kwa moja. Lakini mshamba! Tangazo lake lina kila kitu: bei ya usiku, usafi elfu moja mia tano, gharama ya kutuma pesa, kisha jumla, kabla mgeni hajatoa hata shilingi. Nikamcheka. Nikamwambia anayetangaza ada mapema ni kama mwizi anayebisha hodi.

"Akijua jumla mapema hatugombani," akasema. "Na yako ni ya nini, boss?"

Ndoo ikamwagikia koti.

Alhamisi, 14 Agosti

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nilimtoa Mzee Were akiwa na jicho lililofungwa bandeji, na lile jingine ni bovu pia, kwa hiyo aliushika mkono wangu kwa yake yote miwili. Tukakaa kwenye benchi kumngoja Bi. Philister. Mzee akaanza kusimulia. Safari hii si ya pesa zao. Ni za kikundi cha akina mama, ambacho Bi. Philister ni mweka hazina wake. Kila mmoja katoa mia mbili, na kila risiti itaonyeshwa kikundi. Mmoja tu ndiye aliyetoa mia tano, ingawa paa lake linavuja. Alisema ana mwana Nairobi, meneja wa manyumba, mtoto mwenye moyo. Mungu atamrudishia kupitia yeye. Anaitwa Millicent.

Millicent ni mama yangu.

Mzee akauliza kama bado nipo. Nikasema nipo. Akasema nimekaa naye tangu asubuhi, bila shaka sijala, akapapasa mfukoni, akanipa nusu ya mkate wake.

Nikala. Ningefanya nini?

Ijumaa, 15 Agosti

Mpango: kuiondoa risiti kabla haijaonekana Butula. Bila risiti, hakuna ada. Nikaingia fleti nikisema nakagua mabomba. Mzee amelala, Bi. Philister anaanika nguo kwenye baraza. Mkoba uko mezani.

Aliniuliza, kwa upole kabisa, kama bomba limo ndani ya mkoba wake.

Akaniketisha. Alinijua tangu Jumanne. Paji hili la uso ni la Millicent. Alinyamaza aone kama nitasema mwenyewe. Hakupiga kelele. Laiti angepiga!

"Ungeniambia mapema ni malipo ya kazi yako, ningekulipa," akasema. "Lakini ulingoja nisiwe na pa kwenda, mwanangu. Hapo ndipo uliponiuma."

Nikaahidi kurudisha zote. Nina mia nne na sitini. Akasema kwanza nimwambie mwenye nyumba, na nimwambie kwa mdomo wangu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilimpigia Mwalimu. Saa sita alikuwa mlangoni, na chaki haijamtoka moyoni. Akanipa karatasi niandike hesabu kama mtoto wa darasa la nne. Akasema hata mgeni akija moja kwa moja, gharama zipo: usafi, kutuma pesa, mtu wa kumpokea. Kila moja iitwe jina lake na ionekane kabla ya kulipa. Ada isiyo na jina ni mkono mfukoni mwa mtu.

Thuo amenikopesha elfu tatu mia saba na arobaini. Hakuuliza ya nini. Hakutaka riba. Mtu huyu ana roho mbaya kweli.

Nilirudisha pesa mbele ya Mzee Were. Bandeji imetolewa. Akanitazama kwa jicho jipya, mara ya kwanza, juu mpaka chini. "Kumbe ni kijana hivi! Nilidhani ni mtu mzima."

Nikamwomba Bi. Philister asiionyeshe risiti. Akasema mweka hazina hafichi karatasi. Ataonyesha ya kulipa na ya kurudishiwa.

Jumapili, 17 Agosti

Wameondoka asubuhi. Mzee alikuwa akisoma mabango kwa sauti mpaka gari likapinda kona. Picha za risiti zilikuwa zimekwisha kufika kwenye WhatsApp ya kikundi.

Mama alipiga saa tisa. Akasema alipoona jina langu kwenye picha, alidhani ninashukuriwa. Hakusoma hadi chini. Aliwaandikia wote: huyo ni mwanangu.

Akaniuliza kama nimekula. Nikakata simu, nikalia ndani ya koti.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeamka nimetubu. Ada ya huduma nimeifuta. Sitamdanganya mgeni tena maishani.

Ila nimewaza. Kwa nini wageni huogopa kulipa moja kwa moja? Huogopa ada za kufichwa! Woga huo hakuna anayeuhudumia. Basi: Ada ya Uhakika, asilimia tano tu. Mgeni analipa, nami namwandikia, kwa sahihi yangu, kwamba hatatozwa ada yoyote. Ina jina. Inaonekana mapema. Mwalimu atajivuna!

Nimemweleza Thuo. Ameketi kwenye ngazi, amejifunika uso kwa mikono.

Wivu.